Bwawa Limepona, Suruali Imebaki

Wenzangu, leo nimeaibika mchana kweupe.

Mnalijua lile bwawa langu dogo, njia ya kupanda Fizi. Ukuta wake wa udongo niliujenga kwa jembe, miaka miwili. Sasa bata mwitu na yangeyange wanakuja wenyewe, na watu wa mji wa Baraka wanapanda Jumapili kuogelea. Jana nikajitia ujuzi: nikaziba mfereji wa kupunguzia maji, ili kina kiongezeke wageni wafurahi. (Mhandisi wa kujiteua.) Alfajiri mvua kubwa ikanyesha.

Nimefika asubuhi, maji yameshaanza kupita juu ya ukuta. Ukuta wa udongo ukifika hapo, unaondoka wote. Nikaruka mferejini na jembe. Nikachimba kama kichaa. Maji yakafunguka, asante Mungu! Ila mimi nikazama kwenye tope hadi kiunoni, na maji yanazidi kunisukuma.

Nikapiga kelele bila aibu. Bahati nzuri, akina mama wa kwaya walikuwa wanapita kwenda kanisani. Wakafungua vitenge vyao vya juu, wakavifunga fundo kwa fundo, wakanirushia ncha, wakavuta huku wakiimba. Nikatoka. Suruali haikutoka.

Aliyeshika ncha ya mwisho alikuwa mama mkwe wangu. (Sisi Babembe, mama mkwe ukimwona njiani unapisha. Hata mkono humpi.) Alikuwa amevuta kwa nguvu zake zote, mgongo amenipa mimi, uso ameuelekeza milima ya Minembwe. Nikarudi topeni kwa hiari yangu, nikachuchumaa.

Akawaambia wenzake, bila kugeuka: "Mumuambie mukwe atoke mule. Akikufa juu ya kuona haya, mutoto wangu atabakia na nani?"

Kiongozi wa kwaya akanitupia kitenge, nikatoka nimejifunga kama mwali.

Sasa ukuta umesimama, bata wanaogelea, na mimi ni mzima. Nawashukuru akina mama wale kutoka moyoni. Bila wao leo mngekuwa mnanililia. Mchana nikampelekea mama mkwe mbuzi wa kuomba radhi, kwa mkono wa mke wangu. Mke amerudi na jibu:

"Mama anasema hakuona kitu. Anauliza tu kama nakupatiaka chakula, juu miguu yako iko miembamba sana."

Atakayecheka, Jumapili haogelei.