Talaka ya Punguzo la Kodi

Jumatatu, 2 Aprili

Theluji tena! Aprili hii, na Wisconsin bado inajifanya Januari. Karakana baridi, kikohozi kimerudi. Nimetengeneza kodiani mbili, vinanda vya kuvuta na kukunja, tangu asubuhi. Ya tatu, ya marehemu baba yake Marlys, sijaigusa. Iko juu ya meza tangu Oktoba, mke wangu Marlys alipohamia kwa dada yake. Alisema kila kitu mimi nakigeuza mpango, hata ndoa. Kodiani yenyewe ina kitufe kimoja tu kinachokwama, kazi ya kufumba na kufumbua. Lakini nikiimaliza ataichukua, na hatakuwa na sababu ya kuja tena.

Nimemkumbuka tangu nilipoamka. Naandika hapa kwa kuwa hakuna anayesoma.

Ijumaa, 6 Aprili

Baa, samaki wa kukaanga, kama kila Ijumaa. Duane Hegge, msafisha mabomba ya moshi, kajikalisha kando yangu bila kualikwa. Katalikiwa mara mbili na bado ananawiri! Akatangaza mbele ya watu kwamba ada yake yote ya bima ya afya inatolewa kwenye mapato kabla kodi haijapigwa. Yote! Ndiyo haki yetu tuliojiajiri, akasema, au mwenzangu hukujua? Nikasema nilijua. Sikujua! Tangu Marlys aondoke najilipia bima, nikidhani ni adhabu tu.

Duane hawezi kula nafuu hiyo peke yake. Haiwezekani.

Kisha akaenda kucheza polka, dansi yetu ya kodiani, na Marlys, aliyekuwa meza ya pili na dada yake. Anakanyaga watu ovyo. Marlys alivaa ile sweta ya kijani. Samaki sikummaliza.

Jumanne, 10 Aprili

Kwa Verna Stroik, mama anayeutayarishia mji mzima hesabu za kodi. Akauliza kama mke wangu ana bima kazini. Nikasema anapika shuleni, bima anayo, ila bila shaka alinifuta siku ile ile aliyobeba sanduku. Verna akavua miwani. Akasema ambaye angeweza kuingia kwenye bima ya kazini kwa mwenzi wake hapewi punguzo, hata kama hakuingia. "Nenda kamuulize mwenyewe, mzee. Na umsalimie."

Nimwendee Marlys! Kwa amri ya serikali, si kwa hiari yangu! Nimenyoa ndevu. Nimepiga shati pasi mara mbili.

Jumatano, 11 Aprili

Mlango wa nyuma wa jiko la shule. Amekonda. Nilikuwa na maneno niliyoyaandaa tangu Krismasi: rudi, nyumba imekuwa kubwa mno. Nikafungua kinywa, ikatoka bima.

Akafuta mikono kwenye aproni, akatazama sakafu. Akasema hakunifuta. Kila mwezi anakatwa mshahara kwa ajili yangu pia. "Na kifua chako hicho, Elroy? Kila baridi unakohoa mpaka vyombo vinalia kabatini. Ningekufutaje?" Kisha akauliza kama nimekula.

Jamani! Kumbe yeye ndiye aliyeniharibia punguzo! Miezi yote hiyo! Nikamwambia hivyo hivyo, kwa sauti. Akarudi kwenye viazi vyake. Nimerudi nyumbani bila kula.

Ijumaa, 13 Aprili

Marlys hakuja baa. Nilikaa nikitazama mlango. Duane akaninunulia bia, jambo geni kabisa. Akanieleza kwamba hata Marlys akinifuta leo, haisaidii: maadamu mimi ni mumewe, mlango wa bima yake uko wazi kwangu, na punguzo sipati. Dawa ni moja, talaka. "Ya karatasi tu, kaka! Mkishamaliza na kodi mnarudiana, nani atajua?"

Nilikuwa nimemdhania vibaya Duane. Ana moyo.

Jumapili, 15 Aprili

Nilimpigia simu kwamba nina neno naye muhimu. Akaja! Sweta ya kijani, midomo kaipaka rangi, supu ya kuku mkononi. Akatundika koti kwenye msumari wake wa zamani. Karakana ikapata joto, nasema kweli.

Nikamwekea karatasi za talaka mezani. Akasoma pole pole. Akauliza, "Hili ndilo uliloniitia?" Maneno ya Krismasi yalikuwa kwenye ncha ya ulimi. Nikasema ndiyo, ni la kodi.

Akatia saini. Akauliza kodiani ya baba yake imefikia wapi, nikasema bado kidogo. Akabonyeza kile kitufe. Kikakwama. Akaibeba hivyo hivyo, akachukua na koti. Mezani pamebaki pasafi mahali ilipokaa, na vumbi pande zote.

Jumanne, 17 Aprili

Siku ya mwisho ya kodi. Kwa mwaka uliopita sikupata kitu. Lakini mwakani! Talaka ikishatoka, kila mwezi utakaofuata ni wangu! Verna hakufurahi nami. Akasema sheria ya hapa hairuhusu aliyetalikiwa kufunga ndoa kabla ya miezi sita kupita, na mtu yeyote, hata yule yule. Nikampigia Duane kulalamika. Akasema analijua hilo, ameshaweka alama kwenye kalenda. Mtu makini sana!

Supu ya Marlys naila kidogo kidogo isiishe. Jioni nimekohoa, nikamwita anifungie dirisha. Nikakumbuka. Nikainuka nikalifunga mwenyewe.

Lakini mpango upo. Miezi sita ikiisha, nampelekea pete. Kesho mapema namwahi Verna nimuulize: pete ya kumwoa mke wako mwenyewe, hiyo nayo haina punguzo?