Vichwa Vinavyomtuma Mama Mkwe

Mjini Daegu, ghorofa ya saba

Kwa Mheshimiwa Mkuu wa Kitengo cha Vijitabu vya Maelekezo,

Nakusalimu kwa heshima, nikiwa nimembeba mwanangu Haram mgongoni, kwa hiyo mwandiko ukiyumba ujue ni yeye anacheza. Nilinunua mashine yenu ya kuchemshia chupa za maziwa. Mashine yenyewe sina ugomvi nayo. Ugomvi ni vichwa vya sehemu kwenye kijitabu chake. Jumatatu likizo yangu ya uzazi inakwisha, mtoto anatakiwa abaki na mama mkwe wangu, naye amefungasha arudi kijijini kwake Uiseong kwenye shamba lake la vitunguu saumu. Sababu ni ninyi.

1. Toleo la kwanza lilikuwa na vichwa vya amri. "Jaza maji." "Funga mfuniko." "Usiguse." Mama amelea watoto wanne kwa sufuria moja. Alivaa miwani, akasoma, akaivua. "Mama Haram, huyu aliyeandika kazaliwa mwaka gani?" Nikasema sijui, Mama. "Humjui, na umemleta ndani aniambie nifunge mfuniko?" Unajua mwenyewe, Mheshimiwa, hata watoto wa chekechea huulizana umri kwanza ndipo wajue nani wa kumwita kaka. Kijitabu chenu kimeingia kwangu bila kutaja umri, kikaanza kutuma watu.

2. Nilipiga simu. Dada wa huduma kwa wateja, mpole kweli, akasema mtindo wa vichwa bado mnauchagua, akanitumia toleo la pili. Humo amri hakuna. Kuna "Ujazaji wa maji" na "Ufungaji wa mfuniko." Mama akaketi mbele ya mashine na chai yake ya shayiri, akasubiri. "Ujazaji nimeuona," akasema, "mjazaji ndiye simwoni. Labda yuko njiani." Haram analia njaa, na mume wangu Gyuhwan anapita jikoni akijifanya anatafuta soksi. Nikamwomba aseme na mama yake. "Mke wangu, mimi hapo simo," akasema, na soksi akawa amezipata.

3. Toleo la tatu, nalo kanitumia yule dada, ni maswali matupu. "Nifanye nini maji yakiisha?" Mama alicheka hadi akashika ukuta. "Wameuza mashine, sasa wananiuliza mimi inavyofanya kazi." Akawajibu kwa kalamu, swali kwa swali. Penye "Kwa nini taa inawaka?" akaandika: "Kamuulize baba yako." Kisha ndipo akafunga mizigo.

Kwa hiyo naomba, kwa unyenyekevu wa mtu ambaye hata supu anainywa amesimama, mtoe toleo la nne. Jalada litaje mwaka aliozaliwa mwandishi wa vichwa. Akiwa mdogo kwa Mama, kila kichwa kianze kwa kumjulia hali: "Mama, umeshakula? Ukipata nafasi, kuna maji yanakungoja." Onyo la kuungua limsifu kwanza. Mwaka mpya ukifika, mwandishi huyo aje hapa, ainame hadi paji la uso liguse sakafu kama wajukuu wengine, naye Mama atampa supu ya keki za mchele. Na mkiona safari ni gharama, mleteni ahamie kabisa. Chumba cha kufulia kinatosha godoro, na kila asubuhi atamwomba Mama kwa mdomo wake mwenyewe. Nimeandika kwa upole, lakini hapa sibanduki.

Wasalimie wote kitengoni, pamoja na yule dada wa simu na wale wanaobishana juu ya mtindo. Waambie wasiache kula, wavae vizuri, baridi imeanza.

Mteja wenu mchovu,
Ok Dahye (Mama Haram)

Baada ya sahihi: Mheshimiwa, usiagize chochote kwanza. Nimeingia jikoni sasa hivi nikakuta mizigo imefunguliwa, chupa zote zimechemshwa zinang'aa, na Mama ameketi na matoleo yote matatu akiyagombeza moja baada ya jingine. Nikauliza, vipi safari? "Niende wapi, mwanangu, na hawa sijamalizana nao?" Nikafikiri kidogo. Tangu vijitabu vije, hajasema neno juu ya kimchi yangu ya kabichi, ninavyomfunga mtoto mgongoni, wala nywele zangu. Tafadhali, adabu msiongeze hata chembe. Na kama mnalo toleo kali zaidi, litumeni kabla ya Jumatatu.