Kidude cha Besi

Jamani, leo heshima yangu imeondoka bila kuaga. Naandika humu kwenye grupu kwa sababu nyie ni watu wangu, na huku ughaibuni, Hayes, sina wa kumweleza.

Mnaijua ndoto yangu. Nimepiga besi kwenye bendi ya roki iliyovunjika mara nyingi kuliko ilivyopanda jukwaani. Nimetunga nyimbo ambazo hata mke wangu anazijua (anazitambua mapema ili awahi kuzizima). Siku hizi nafanya kazi kwenye ghala la mizigo karibu na uwanja wa ndege, na nyumbani nina studio. Studio yenyewe ni chumba kidogo ambacho Mwajuma, mke wangu, anasema ni cha mtoto. Tukakubaliana: nikipata bendi moja tu inipe albamu yake niirekodi, chumba ni changu. Nikikosa, kitanda kinaingia na spika zinatoka.

Leo bendi ikaja.

Asubuhi nilifanya usafi. Waya wa besi ulikuwa unakwaruza kwenye miksa, nikauchomoa, nikauchomeka kwenye mstari wa jirani, wenye vidude vyake. Ukatulia. (Huo waya ukumbukeni. Mimi nilishausahau.)

Walikuwa wawili. Karim, mwimbaji na mpiga gitaa, mtoto wa wenye duka la vitambaa Tooting. Wazazi wake walitoka Mombasa, na Kiswahili chake kinanishinda mimi. Na Sifa, mpiga dramu, dada wa Kikongo kutoka Barking, hacheki ovyo. Besi nikawapigia mwenyewe. Tukarekodi wimbo mmoja, tukisimama kila mara kupisha ndege, halafu nikawakalisha wasikilize.

Hapo ningenyamaza. Wimbo ulikuwa mzuri. Lakini ningekuwaje prodyuza?

"Mnasikia besi ilivyokauka?" nikauliza.

Hawakusikia. Nikawaambia masikio ya prodyuza hayapatikani kwa siku moja. Nikashika kidude cha besi, nikakizungusha kidogo sana, macho nimefumba (kufumba macho ni nusu ya kazi).

"Na sasa?"

Karim akainamisha kichwa. "Naam. Sasa yaja."

"Sifa?"

"Sasa iko na joto, Papa Rama. Mbele ilikuwa baridi."

Basi nikapata kichaa. Nikazungusha tena. "Hii ni besi ya ukumbi mdogo." Nikarudisha. "Hii ya uwanjani." Karim anaguna kwa raha. Sifa anasema ameisikia mpaka kwa tumbo. Nikawasimulia nilivyowahi kugombana na bendi nzima kwa ajili ya robo mzunguko wa kidude, na jinsi nilivyoshinda ule ugomvi (bendi ilivunjika wiki hiyo hiyo). Mwajuma akaja na chai, akasimama mlangoni. Nikaona hapa ndipo pa kummaliza.

"Watu huidharau besi," nikasema, sauti nimeituliza kama mhadhiri. "Sasa naiondoa kabisa. Sikilizeni wimbo bila besi. Ni nyumba isiyo na msingi."

Nikashusha mpaka mwisho.

Besi ikaendelea. Nzito ile ile, safi ile ile, wala haikutikisika.

Nikachungulia nyuma ya miksa. Mstari niliokuwa nauzungusha muda wote ule haukuwa na waya wowote. Waya ulikuwa pale nilipouchomeka asubuhi, kwa mikono yangu hii. Ndege ikapita, na kwa mara ya kwanza tangu nihamie Hayes nikaishukuru.

Mwajuma akaweka chai mezani. "Huo msingi mbona haubomoki?"

Nikangoja wafungashe vyombo waondoke. Nilishaanza kupima kwa macho kitanda kitakaa upande gani. Lakini Karim alikuwa anakodolea macho zulia, na Sifa ameshika kikombe bila kunywa.

"Papa Rama," akasema Sifa polepole, "mi nilisema iko na joto."

"Ulisema."

"Mpaka kwa tumbo."

Karim akakohoa. "Kaka, hii album utaproduce wewe. Kwa prodyuza mwengine twaenda na uso gani? Ila hili lisitoke chumba hiki. Twaapa?"

Tukaapa, mikono juu ya miksa. Mwajuma peke yake alikataa kuapa.

Kwa hiyo ndoto imetimia. Baada ya miaka yote hii ya besi na utunzi, nimekuwa prodyuza kwa sababu wateja wangu wanaona aibu kunikimbia. Chumba nimeachiwa. Naomba asicheke mtu, na msimwambie yeyote, maana nimekula kiapo. Libaki humu humu kwenye grupu letu.

Ngojeni kwanza. Wiki iliyopita si nilimuunga Karim humu, awasalimie?

Naona hapo juu pameandikwa Karim anaandika.