Hisa Haiozi Jioni

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Mwalo wa Ggaba, ambaye hakuja lakini kiti chake mnakiona; Mheshimiwa Mwakilishi wa Halmashauri, aliyetuma udhuru na udhuru wenyewe haujafika; Mheshimiwa Mwalimu Fahim wa madrasa, aliyetuombea dua ndefu kuliko tulivyokubaliana; Mheshimiwa Mweka Hazina Bi Phelister, mwanamke pekee humu anayejua kufunga mkoba; Mheshimiwa mwenye banda hili, anayetaka tutoke saa kumi; wajumbe waheshimiwa arobaini na wawili wa Baraza Kuu la Hisa, Uwekezaji na Maendeleo Endelevu ya Wauza Samaki; mkwe wangu Shakib, uliyejificha nyuma ya magunia ya chumvi; na nyinyi mnaoendelea kupara samaki huku mimi nahutubia, nawaona: itifaki imezingatiwa. (Makofi. Mtu mmoja anaendelea kupara.)

Mimi Hajati Umulkheir binti Maftah, Mwenyekiti wenu wa kudumu, mwenye madarasa matatu, na hilo la tatu nililiacha kwa hiari yangu baada ya kuona mwalimu hana jipya, nasimama mbele yenu kwa unyenyekevu ambao wengi wenu hamna. Nimepokea hoja yenu ya maandishi, iliyoandikwa nyuma ya karatasi ya kufungia mandazi, mkitaka leo hii, kabla jua halijazama, tuuze hisa zetu zote za Kampuni ya Baridi Bora kwa sababu bei imeshuka Ijumaa tatu mfululizo, na pesa yote, milioni kumi na nane tulizochanga miaka tisa ili tununue friza yetu wenyewe, tusiwe tena tunauza mputa, sangara wetu, wa asubuhi kwa bei ya kutupa saa kumi na mbili jioni, pesa hiyo akabidhiwe mkwe wangu Shakib aiingize kwenye simu, itoke mara mbili baada ya siku arobaini. Hoja nimeisoma. Mafuta ya mandazi nimeyafuta. Jibu mtalipata, lakini mtalipata mwisho, kwa sababu mimi ndiye niliyepanda juu ya kreti. (Minong'ono.)

Kwanza kanuni inanitaka nitoe taarifa ya utekelezaji. Chini ya uongozi wangu wenye maono, strateji na kapasiti, Baraza hili limepiga hatua ya asilimia mia moja na kumi na nne, takwimu niliyoipata kwa utafiti wa kina nilioufanya mwenyewe kati ya banda la Nakhisa na bomba la maji. Mwaka jana wajumbe waliojua neno potifolio walikuwa sifuri. Leo ni arobaini na wawili, na wanane kati yao wanajua kwamba haliliwi. (Kicheko.) Msicheke, wengine mliniuliza bei yake kwa kilo. Na kila Ijumaa, mwaka mzima, mvua au jua, nimepanda hapa nikawasomea bei ya hisa zetu kutoka katika daftari hili jekundu ambalo hakuna mwingine anayeruhusiwa kulishika, kwa sababu za usiri wa kimasoko. Nani mwingine hapa Ggaba amewahi kusomewa bei ya hisa? Hata wale wenye magorofa huko juu wanaisikia redioni tu, kama matangazo ya vifo. (Makofi marefu. Bi Phelister hapigi.)

Sasa niwagombeze, maana taarifa nzuri imekwisha.

Tulikubaliana kwamba mwanachama anaweza kumuuzia mwenzake hisa. Jambo zuri, likuidi, wataalamu wanalipenda. Mwezi wa nne nikasoma bei, elfu ishirini, ilikuwa imeshuka kidogo kutoka elfu ishirini na mbili. Kidogo. Akullo huyu hapa, mwenye meza ya tatu, mwanamke ninayempenda kama shemeji asiye na deni, akazunguka mwalo mzima mchana kutwa akitafuta mnunuzi, kila saa akipunguza, elfu kumi na tano, elfu kumi, elfu tano, na saa kumi na mbili kasoro akamwachia Nakhisa hisa kumi kwa elfu mbili mbili, bei ya nyanya chungu, na akamwongezea moja ya bure. Nikamwita. Nikamuuliza, mwanangu, kampuni imeungua? Hapana. Umepata mgonjwa? Hapana. Basi kwa nini? Akaniambia, "Jjajja, bibi yangu, jua lilikuwa linazama." (Kicheko kikubwa. Akullo anajifunika leso.)

Mnacheka nini? Kumi na saba kati yenu mlifanya vivyo hivyo, majina ninayo, na Nakhisa anayecheka kuliko wote aliuza zake Ijumaa iliyofuata. Nawaelewa, msidhani siwaelewi. Miaka thelathini mkono umejifunza jambo moja, kwamba kisichouzwa jioni kesho kinanuka. Mkono huo umewalisha watoto. Lakini hisa haina tumbo, haina matumbo ndani yake, hainyeshewi, nzi hawaitaki. Hisa ni kipande cha kazi ya watu. Ikishuka bei, usiulize ni saa ngapi. Uliza kama kazi yenyewe imeoza. Kama kampuni bado inauza, wateja bado wanarudi, deni halijaizidi kimo, wewe unakimbilia wapi na beseni kichwani? Na kama imeoza kweli, iuze hata asubuhi, hata kwa hasara, usiikalie kwa aibu ukingoja irudi bei uliyonunulia. Samaki hajui ulimnunua shilingi ngapi. (Mwalimu Fahim anatikisa kichwa kukubali.)

Jambo jingine ni la aibu zaidi, na ningelisema kwa sauti ya chini kama ningekuwa na sauti ya chini. Hapa mwaloni hakuna mtoto wa mtu anayenunua mputa bila kufunua shavu. Hata akiuziwa na mama yake mzazi, anafunua: nyekundu, lete, kahawia, rudisha. Halafu mtu huyo huyo anapeleka akiba ya miaka tisa kwa kampuni aliyoiona kwenye picha. Mashavu ya kampuni ni hesabu zake za mwaka, na mlango wa ofisi yake, na majina ya waliokalia viti. Hujui kusoma hesabu? Mimi pia nasoma kama mtu anayevuka tope. Ndiyo maana nilikwenda kwa mwenye kusoma, nikamlipa samaki wawili wa ngege, akanisomea nikiwa nimesimama. Fiziibiliti hiyo. Haihitaji tai.

Na mtumbwi mmoja ukizungukwa na watu, nyote mnauvamia, mnapandishiana bei wenyewe kwa wenyewe, huku mitumbwi mingine mitatu imetia nanga inapiga miayo na samaki ni wale wale. Nani aliwaambia penye kelele ndipo penye faida? Nunua kidogo hapa, kidogo pale, ukiharibikiwa na mzigo mmoja usilale njaa. Wataalamu wanaita daivesifikesheni, bibi yangu aliita akili. Na ada ya mtoto si mtaji. Pesa ambayo mwezi ujao ina kazi yake, iacheni ikafanye kazi yake. (Sauti kutoka nyuma: "Saa kumi inakaribia." Mwenyekiti anamtazama mwenye banda mpaka anakaa.)

Sasa hili la simu. Mkwe wangu Shakib ni mtu wa adabu, kwa mila hawezi kumtazama mama mkwe usoni, na leo naona mila imemfaa sana. (Kicheko.) Kwa kuwa hatusemeshani ana kwa ana, nilimtuma binti yangu amuulize: hiyo simu inauza nini? Inalima? Inakaanga? Jibu lililorudi ni kwamba inazungusha. Nikamrudisha binti yangu akaulize inazungusha nini. Jibu bado liko njiani. Wajumbe waheshimiwa, samaki anayeongezeka uzito ndani ya ndoo ametiwa maji, nyinyi mnajua kuliko mimi, baadhi yenu mnamtia. Pesa inayozunguka bila kuuza kitu ni pesa ya aliyeingia leo inalipwa kwa aliyeingia jana, na siku ya arobaini hakuna wa kuingia, na simu haipatikani. Nasikia pia kwamba Akullo hakungoja kura. Ameshampa laki tatu, kodi ya meza yake. Asipoilipa kufikia Jumatatu, meza ya tatu inakwenda kwa mtu mwingine. (Minong'ono. Akullo haonekani uso.)

Basi naahidi. Kabla ya mwaka kwisha Baraza hili litakuwa na friza, na banda la friza, na mlinzi wa banda la friza, na kamati ya kumsimamia mlinzi, na bango lenye picha yangu. Semeni nami: Hisa! (Haiozi!) Shavu! (Funua!) Jua likizama! (Kaa chini!) Pesa ya ada! (Haigusiki!) Vizuri, ingawa upande wa kushoto mlichelewa.

Namalizia kwa shukrani, kama itifaki inavyotaka.

Namshukuru mlinzi wa geti moja kule Nakawa, ambaye jina sikumuuliza, aliyeniambia mwaka jana, nilipokwenda kufunua mashavu ya Kampuni ya Baridi Bora kabla ya kuilipa pesa yenu, kwamba kwenye ploti iliyoandikwa katika ile karatasi inayong'aa niliyoletewa na bwana wa kampuni haijawahi kuwapo kampuni yoyote, kuna ghala la chakula cha kuku. (Anayepara samaki anaacha.) Namshukuru dalali wa hisa mwenye leseni huko mjini, aliyelitafuta jina hilo mara mbili kwenye orodha ya soko la hisa, akaniambia, Hajati, halipo. Nawashukuru mukene, dagaa wetu, kwa sababu bei niliyokuwa nikiwasomea kila Ijumaa ilikuwa bei ya debe la mukene ya asubuhi hiyo hiyo, na imeshuka Ijumaa tatu kwa kuwa mukene wamejaa, nyinyi wenyewe mmewaanika hapo nje. (Kelele. Kreti linatikisika. Mwenyekiti hashuki.) Namshukuru Bi Phelister, aliyeiweka milioni kumi na nane yote benki, kwa jina la Baraza, kwa sahihi tatu, akafunga mdomo mwaka mzima, kazi ambayo kwa Phelister si ndogo.

Mtaniuliza kwa nini sikusema. Kwa sababu nilikuwa nimeshajisifu hapa hapa kwamba kampuni nimeipata, na yule bwana wa karatasi nilikuwa nimemtangulizia laki mbili zangu mwenyewe kabla ya kwenda kuona geti. Mimi, ninayefunua shavu la samaki wa zawadi. Niliona aibu. Ijumaa ya kwanza nilisoma bei ili mninyamazie. Baadaye nikaona mnavyouza jioni, nikasema afadhali wakosee kwa bei ya mukene kuliko kwa milioni kumi na nane. Hizo hisa hazikuwapo hata siku moja. Akullo, ulizouza hazikuwapo, mchango wako uko palepale. Umrudishie Nakhisa elfu ishirini zake, naye ameze kile kicheko chake. Waliobaki mliouziana, Phelister ameandika, fanyeni vivyo hivyo.

Kwa hiyo hoja yenu ya kuuza hisa zote leo kabla jua halijazama naikataa kwa sababu za kiufundi. Hakuna cha kuuza. Pesa ya friza ipo, na sahihi ya tatu ni yangu, na ninyi mkitaka mwenyekiti mwingine pigeni kura kesho asubuhi, si jioni.

Asanteni kwa kunisikiliza. Kikao kimefungwa. Mkwe wangu Shakib, wewe usitoke. Leo mila naiweka kando: nitazame, na laki tatu za kodi ya meza ziwe mkononi. Akullo, simama mlangoni.