Tangazo la Chupa Tupu

Jumatatu, 2 Desemba

Mtihani wa kidato cha nne umekwisha, nami nimekwisha. Baba ametamka leo wakati wa chai: nikikaa bila kazi hadi Jumapili, naenda Hale kwa Shangazi Mwaija kuuza dukani. Kuuza! Kuongea na watu nisiowajua tangu asubuhi hadi jioni. Mimi, ambaye mwalimu wa hesabu alinidhania bubu hadi kidato cha pili!

Nina mpango. Chanika imejaa chupa za maji: mtaroni, vichochoroni, nyuma ya mashine ya kusaga. Kila Jumamosi Habakuki huja na lori kutoka Korogwe kununua chupa tupu. Nikimpakilia magunia ya maana, hiyo si kazi? Baba amekubali. Amecheka, lakini amekubali.

Jumanne, 3 Desemba

Za mtaroni zimejaza robo gunia tu. Nikaenda kwa Mama Abdulaziz, jirani. Nikasimama mlangoni. Hodi haikutoka. Aliponiona akadhani nimetumwa, akanipa bakuli la chumvi nimpelekee Mama.

Nyumba ya pili nilithubutu. Nikaambiwa chupa si takataka: hii ya mafuta ya kula, hii ya asali, hii ya maziwa ya mgando. Kumbe Chanika haina chupa tupu. Ina chupa zinazosubiri.

Halafu Grasiana! Tulikaa dawati moja, sasa naye anakusanya. Anapita akipaza sauti, "Chupaaa! Toa chupa, mama, nikuombee mkwe tajiri!" Wanacheka, wanampa. Akaniuliza gunia langu limekonda hivyo, linaumwa nini? Jibu zuri sana limenijia nikiosha vyombo.

Jumatano, 4 Desemba

Nimepata! Wanunuzi wa vyuma chakavu hawapigi kelele. Wana spika. Na kaka yangu Salimu ana spika kwenye bodaboda yake.

Nikarekodi kwa simu yake. Nikasikiliza. Kifaranga kilichonyeshewa. Nikamwomba Bibi Mashavu, mama yake Baba, ambaye akikohoa tu mbuzi wa jirani wanasimama. Bibi akasema hawezi kuzungumza na watu wazima kama mhuni wa sokoni, lazima aanze kwa adabu. Akaanza: "Asalamu aleikum, wakazi wa Chanika. Kwa masikitiko makubwa, familia ya Ukasha, hapa jirani na mashine ya kusaga, inawatangazia..." Kisha akaendelea kirefu kuhusu uchafu wa mitaro, mbu, vijana wa siku hizi, na mwishoni kabisa, chupa.

Nikamuuliza masikitiko ya nini. Akasema uchafu haumsikitishi nani? Kweli. Nimeona ni tangazo zuri mno.

Alhamisi, 5 Desemba

Naandika nikiwa nyuma ya choo. Sitatoka.

Asubuhi Baba alikwenda Korogwe kutafuta kipuri cha mashine yetu ya kusaga. Mama na Bibi wakaenda kuvuna njugu. Salimu akapita na tangazo. Anaapa alilipiga kila kona, ila mwanzo tu, maana Bibi ana maneno mengi na abiria walikuwa wanamngoja.

Wa kwanza kufika alikuwa Mama Abdulaziz, kanga kiunoni, unga kichwani. Nyuma yake akina mama wengine, na kuni, na sufuria kubwa. Nikadhani chupa ziko ndani ya sufuria. Akanikumbatia, akaniuliza kwa sauti ya chini ni nani. Nilitaka kusema. Wallahi nilitaka! Lakini uani wamejaa watu, wote wananitazama mimi. Nikaangua kilio.

Ikawa basi. Vilio kila upande. Wanaume wakafunga turubai. Mzee Sabiri, mwenyekiti wa mtaa, akatoa katoni za maji, akatuma vijana wakaangalie majembe. Wakajadiliana: sauti ilikuwa ya Bibi, kwa hiyo si Bibi. Ni Ukasha, baba yangu. Masikini Ukasha, na mashine bado mbovu!

Ukasha akatokea. Baba aliona turubai, akajua mama yake hayupo tena, akaketi chini palepale barabarani akalia. Mama Abdulaziz alipomwona marehemu analia, alitupa mwiko.

Hawajatulia, Bibi huyoo, jembe begani. Akaona umati, akaweka jembe chini, akaanza kuomboleza bila kuuliza ni nani. Anasema msiba hauulizwi mlangoni.

Salimu ndiye aliyefafanua. Mzee Sabiri akacheka mpaka kofia ikadondoka. Ugali ukapikwa, maana unga wa msibani haurudi nyumbani. Bibi amekula vizuri. Amefurahi sana, ila anataka kujua kwa nini watu wa nyumba ya kona hawakuja.

Chupa za maji zilitapakaa uani kote. Grasiana alizizoa zote. Nilimwona kupitia tundu la ukuta.

Jumamosi, 7 Desemba

Lori limekuja. Habakuki ameinua gunia langu kwa kidole. "Dada, hili la kuuza au mto wa kulalia?"

Grasiana alikuwa na magunia hadi mlangoni mwa lori. Hakuniangalia. Alivuta mawili akayasogeza upande wangu. Akasema ni ya msiba wa baba yangu, yeye hali vya marehemu. Nikamwambia asante. Kwa sauti! Habakuki mwenyewe aligeuka.

Jumapili, 8 Desemba

Baba alisema magunia mawili ya kupewa si kazi, nifungashe. Nikafungasha. Bibi akaketi juu ya begi. Akasema Maryamu haendi Hale. Katika nyumba hii nzima hakuna mwingine anayeweza kukusanya watu namna ile, na yeye ni mzee, siku yake ikifika atahitaji. Baba amemwangalia sana mama yake. Amenipa mwezi mmoja.

Nimekaa nikawaza makosa yangu kwa makini. Nimeyaona. Tangazo lilikuwa la huzuni mno! Nani anatoa chupa akiwa na huzuni? Jioni hii tumerekodi jipya. Tunaanza na vigelegele, kisha Bibi anasema, "Kwa furaha kubwa, familia ya Ukasha, kwa niaba ya kijana wetu Salimu, inawakaribisha nyote..." Chupa zinafuata baadaye kidogo.

Salimu hajalisikiliza. Kesho analipitisha mji mzima.