Mkanda wa Wamucii na Kisima cha Kanisa

Jumatatu, Machi 4, 1974
Sili nyingine imekufa! Ya tatu sasa. Kale kapete ka mpira kwenye biti, kile kichwa chenye meno kinachotoboa mwamba, kanakofungia grisi ndani na kuzuia changarawe. Changarawe ikaingia, meno yakakwama, na kisima cha kanisa hapa Mukurweini kiko futi mia mbili bila tone. Bwana Pankaj, mwenye mashine ya kuchimbia, amekuja kutoka Nyeri kutuambia biti imebaki moja. Hiyo ikifa, mashine inaenda kwa wateja wengine Kerugoya. Mwenzangu Kahiga anasema tusafishe shimo kwanza, tutoe mawe yote, ndipo tushushe biti. Ati kutwa nzima tunasafisha! Kahiga hana akili, ana subira tu.

Mimi nataka maji haraka. Mke wangu Wamucii ana mimba ya miezi saba na bado anapanda kutoka mtoni na debe mgongoni, mkanda wa ngozi wa kulibebea umemkata paji la uso. Nikiiona ile alama naumia.

Jumanne, Machi 5
Dawa nimepata! Pete ya ngozi, ipakwe mafuta ya kondoo, izungushwe nje ya sili. Changarawe itapita wapi? Ngozi nzuri iko moja tu hapa nyumbani: mkanda wa Wamucii, aliopewa na mama yake. Nimeukata. Kesho maji yakitoka atautakia nini?

Jumatano, Machi 6
Pete ilikaa dakika kumi na tano. Ikachanika, ikajisokota kwenye meno. Tumevuta mabomba yote juu. Sili ingali nzima, kwa neema ya Mungu. Kahiga hakunicheka, na hilo limeniuma zaidi.

Wamucii akaulizia mkanda. Nikamwonyesha vipande. Akasema, "Haya Gatimu. Kesho mtoni utaenda wewe."

Alhamisi, Machi 7
Nimeenda. Debe kichwani, begani, kifuani. Wanawake walicheka hadi mmoja akakaa chini. Nilipumzika mara tisa. Nikamuuliza Wamucii yeye hupumzika mara ngapi. Akasema hapumziki, kwa sababu akilitua hana wa kumtwika. Chakula kimenishinda.

Kahiga amesafisha shimo kutwa.

Jumamosi, Machi 9
Maji! Biti ilishuka kwenye shimo safi, sili haikuguswa, na maji yakapanda yenyewe hadi juu. Wamucii akakinga mikono, akanawa, halafu akaninawisha mimi uso mbele ya watu wote. Nikalia, sioni haya. Nimemwambia Kahiga kazi ni usafi na subira, na kuanzia leo sibuni kitu.

Jumapili, Machi 10
Wamucii yuko kanisani. Nimepima: kutoka kisimani hadi kwetu ni mteremko mtupu. Kukiwa na mfereji, maji yatamfikia mlangoni akiwa ameketi. Mabati sita yatatosha, na paa la jiko lina sita kamili. Mvua bado wiki mbili. Nimeshang'oa manne.