Haja ni Haja

Ijulikane kwa wote, wa Gilgil na wa kwingineko, kwamba mwezi wa Agosti mwaka wa 2007 haja za binadamu zilipata msimamizi. Msimamizi huyo aliitwa Kemboi. Awali alikuwa akiosha madebe katika kiwanda cha maziwa cha Bwana Gautam, lakini waraka mpya wa ukaguzi ulipofika alipewa koti jeupe, meza, saa ya ukutani na rejista, akaketishwa mbele ya mlango wa choo. Mama yake aliwaambia majirani kwamba kijana sasa yuko ofisini, na kweli alikuwa ofisini.

Waraka wenyewe ulikuwa wa kurasa kumi na tisa. Uliandikwa na Bwana Waithaka, Mkaguzi Mkuu wa Usafi, mkazi wa Milimani, ambaye hakuwa ametia mguu kiwandani tangu apandishwe cheo. Uliagiza kila haja iandikwe: jina, saa ya kuingia, saa ya kutoka, sahihi. Dakika tatu kushuka chini ni short call. Zaidi ya hapo ni long call. Na mtu yeyote aliye ndani ya ua, bila kujali cheo, akiingia mara tatu kwa siku moja, basi tumbo lake linaendesha. Atolewe nje ya geti papo hapo, apewe kikopo, asirudi mpaka maabara ya hospitali ipime kilichomo na kumpa cheti. Akitolewa mara nne, kazi imeisha. Kemboi aliiona ni kanuni safi, kwa sababu maziwa hayataki mzaha.

Shida ilikuwa Wamuyu wa kupakia pakiti. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mtoto alikuwa amekalia kibofu cha mama yake kama ploti ya kurithi. Alikuwa ametolewa mara tatu, na mara tatu akarudi na cheti kwamba tumbo lake halina neno. Kemboi alimhurumia sana. Alimwandikia Mkaguzi barua ya adabu kuuliza kama short call za mama mjamzito zingeweza kusamehewa. Jibu lilirudi na muhuri: "Haja ni haja." Kemboi akalibandika ukutani, juu ya rejista, kama inavyostahili maneno ya wakubwa.

Siku ya kiwanda kukabidhiwa cheti cha usafi, Bwana Gautam alimpitisha Mkaguzi kwanza Kikopey, kwenye vibanda vya nyama choma. Yeye mwenyewe hali nyama. Alikunywa soda huku mgeni akishughulikia mbavu za mbuzi na mutura, matumbo yaliyojazwa nyama na damu, wa kutosha harusi. Walifika kiwandani saa nne. Kufikia saa tano na nusu Mkaguzi alikuwa amekagua choo mara mbili, na Wamuyu, ambaye naye alikuwa na mbili, alikuwa amesimama mlangoni amebana magoti.

"Wamuyu, jikaze tu mpaka jioni," Kemboi alimsihi.

"Mwambie mtoto," alijibu Wamuyu.

Hapo Mkaguzi akawapita mbio. Alipotoka alitia sahihi bila kusoma, mazoea ya kazi. Kemboi alihesabu, akafunga vifungo vya koti, akasimama.

"Mzee, hii ni ya tatu. Itabidi utoke."

"Kijana, unajua mimi ni nani?"

"Nimekuandika hapa, mzee. Waithaka, mara tatu."

Mkaguzi akasema yeye si mfanyakazi. Kemboi akamsomea ukurasa wa kumi na moja, pale penye "mtu yeyote" na "bila kujali cheo". Mkaguzi akashusha sauti, akasema zilikuwa short call tu. Kemboi akaonyesha ukuta kwa kalamu. Bwana Gautam, ambaye angeweza kusema neno, alikuwa akichunguza dari.

Nje ya geti Mkaguzi alibaki na gambuti na kofia ya plastiki. Dereva wake alikuwa amerudi Kikopey na gari. Tumbo likanguruma tena, na choo kilikuwa ndani. Akamwomba Kemboi karatasi kupitia geti, akainama kwenye benchi la bawabu na kuandika ufafanuzi: kuanzia siku waraka wa ukaguzi ulipotolewa, short call haihesabiwi kuwa haja. Akatia sahihi, akagonga muhuri aliotembea nao mfukoni.

"Haya. Fungua."

Kemboi aliusoma mara mbili, maana lugha yake ilimpendeza. Kisha akarudi mezani, akafuta haja za Wamuyu zote, za leo na za siku zile tatu, kwa sababu hata moja haikuwa imepita dakika tatu. Akamwambia aingie, na asitie sahihi. Alifurahi mpaka akasahau kuangalia saa ya ukutani.

Akarudi getini na rejista kwapani.

"Asante sana, mzee. Umesaidia watu. Sasa tuangalie zako."

Walisoma pamoja kupitia vyuma vya geti. Dakika tisa. Dakika kumi na mbili. Dakika kumi na saba. Sahihi tatu, zote nzuri.

"Zote ni long," Kemboi alisema kwa heshima, akampitishia kikopo. "Na hiki ulisahau kwa meza. Maabara inafungwa saa kumi."